Sura ya Saba: Waya Bila Matambara

Inspekta Muteti alimpa Sajini Mbeke siku moja tu, na aliitoa kama mtu anayetolewa figo.

"Kesho saa mbili asubuhi Kimanzi anapelekwa kortini Kajiado," alisema. "Kuchoma jengo kwa makusudi. Sauti yake kwa simu tuko nayo. Mafuta taa kwa mikono tumenusa sote. Unataka nini tena, madam? Moto wenyewe uje uandike statement?"

"Nataka kujua aliingia vipi, afande. Kufuli ilikuwa imefungwa."

"Alipitia dirisha."

"Dirisha liko na vyuma."

"Basi alipitia vyuma," Muteti alisema, akarudi kwa chai yake.

Kesi yenyewe ungeieleza kabla chai hiyo haijapoa. Jumanne, saa tisa mchana, studio ya mchoraji Tajeu Simel iliungua hapo Noonkopir, Kitengela. Ndani kulikuwa na picha moja kubwa ya rangi za mafuta, mwanamke aliyevaa kitenge cha kijani, iliyongojwa na hoteli mpya ya Kajiado mjini. Kimanzi naye alikuwa amepeleka picha yake kwa hoteli hiyo hiyo. Walimshukuru kwa kujaribu. Wiki hiyo hiyo alituma sauti kwenye kikundi cha wachoraji, na kila mtu Kitengela sasa aliijua kwa moyo: *Hiyo picha ya Tajeu mimi nitaiwasha. Mtaona.*

Mbeke alifika Noonkopir saa tatu asubuhi. Nyuma ya nyumba ya Tajeu palibaki mabati meusi na nguzo nne zilizoungua kama njiti za kiberiti. Mwenyewe alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtu mrefu, kimya, wa miaka thelathini na kitu. Mkewe Nalangu alisimama mlangoni mwa jikoni, mikono imekunjwa.

"Supa, Tajeu."

"Supa oleng, madam."

Kimaasai cha Mbeke kiliishia hapo kwenye salamu. Aliingia kwenye majivu. Moto una tabia moja nzuri kuliko washukiwa wengi: hauna haja ya kudanganya mahali ulipoanzia. Upande wa dirisha, fremu ya mbao ilikuwa imeungua juujuu tu. Lakini kwenye kona ya mbali, chini ya meza, sakafu ya simiti ilikuwa imepasuka kwa joto, na katikati ya ufa huo kulikuwa na plastiki ya bluu iliyoyeyuka ikawa bapa kama chapati.

Mtu akimwaga mafuta taa kutoka dirishani, moto huanza dirishani. Huu wa Kimanzi ulikuwa umeruka mita nne, ukainama, ukaingia chini ya meza.

"Hii bluu ilikuwa nini?"

"Ndoo," Tajeu alisema. "Ilikuwa tupu."

"Funguo za kufuli ziko ngapi?"

"Mbili. Yangu na ya Mama Lemein."

Nalangu alisema kutoka mlangoni, "Na yangu haijawahi kutoka kwa hii shingo," akavuta uzi wa shanga ili ufunguo uonekane. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Karibu na bomba, juu ya ubao, brashi kumi na mbili zilikuwa zimelala sambamba, nywele zote zikitazama upande mmoja, kila moja imechongoka kama ncha ya ulimi. Katika uwanja huo wote wa masizi, ni hizo tu zilizokuwa safi.

"Hizi zilipona vipi?"

"Jumanne nilimaliza kuchora saa tatu asubuhi, nikaziosha, nikaziacha zikauke. Halafu nikaenda Kajiado kupima ukuta wa hoteli." Tajeu alizitazama, na kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea. "Brashi ya rangi za mafuta ukiiacha na rangi usiku mmoja, imekuwa msumari."

"Nifundishe. Unaosha vipi?"

"Madam?"

"Kuanzia rangi iko kwa nywele, mpaka hapa kwa ubao. Usiruke kitu."

Mtu akiulizwa kazi yake husahau kuwa ameonewa. Tajeu aliinuka.

"Kwanza nafuta rangi yote kwa tambara. Watu wengi hukimbilia kuosha, na rangi iko bado nusu kilo kwa brashi. Halafu nachovya kwa mafuta ya linsidi, haya maseremala hupaka mbao. Nafuta tena. Nachovya, nafuta, mpaka tambara litoke bila rangi. Ndiyo sasa maji vuguvugu na sabuni ya kipande. Naizungusha kwa kiganja, polepole, povu likitoka jeupe nasuuza. Nafinya maji. Naipa umbo kwa vidole. Nailaza."

"Kwa nini usiisimamishe kwa mkebe, kama mswaki?"

"Ikiwa na maji? Maji yatashuka kwa shingo ya chuma, gundi ilegee, nywele zianze kung'oka. Ikikauka ndiyo unaisimamisha, nywele juu."

"Kila siku hivyo?"

"Kila siku," alijibu Nalangu. "Maji anazichemshia. Anazikanda. Anazilaza. Mimi nimerudi juzi kutoka kuuza maziwa nimenyeshewa mpaka kwa mifupa, nani aliniuliza kama nimekauka?"

"Mama Lemein, si hayo sasa."

"Nimejibu tu swali la afande."

Mbeke alikuwa ameshaliacha swali hilo. Alikuwa anaangalia waya uliopita kutoka bomba hadi kwenye ua. Ulikuwa na vibanio vya nguo. Alivihesabu: ishirini, vimejipanga kwa nafasi sawasawa kama watu wa gwaride. Na havikuwa vimebana chochote.

"Hayo matambara ya kufutia, huwa unayapeleka wapi?"

"Naanika hapo. Moja moja."

"Jumanne ulianika?"

"Nilianika kabla sijaondoka. Saa nne."

"Yako wapi?"

Tajeu aliangalia waya. Ilionekana wazi kwamba tangu Jumanne alikuwa amepita chini yake mara hamsini bila kuinua kichwa. "Labda... upepo."

"Upepo wa Kitengela nimeusikia," Mbeke alisema. "Unabeba vumbi, unabeba mifuko, umewahi kubeba wigi la mke wa pasta. Lakini haujajifunza kufungua kibanio, kutoa nguo, halafu kukirudisha kibanio kwa waya."

Mlangoni, Nalangu alirudisha ufunguo ndani ya nguo.

"Kwa nini unayaanika moja moja?"

"Aliyenifundisha kuchora alifanya hivyo. Alisema yasikae rundo. Sikumuuliza kwa nini, nilidhani ni harufu."

Mkebe wa linsidi ulikuwa bado chini ya bomba. Mbeke aliuinua, akaugeuza, akasoma nyuma yale maandishi madogo ambayo huwekwa pale kwa imani kwamba hakuna mtu atakayeyasoma. Aliyasoma mara mbili. Kisha akaurudisha chini kwa adabu, kama mtu aliyegundua kuwa kikombe alichoshika si chake.

"Uko na tambara lolote lililobaki?"

Tajeu alitia mkono kwenye mfuko wa ovaroli, akatoa kipande cha ukubwa wa leso. Kilikuwa kitenge cha kijani, kimechorwa manyoya ya tausi. Alipokifungua, Nalangu aligeuka akaingia jikoni, na sufuria fulani iliwekwa chini kwa nguvu kuliko sufuria inavyohitaji.

Mbeke alikiangalia kipande kile kwenye mwanga.

"Na yule mwanamke kwa picha. Alivaa kitenge gani?"

Tajeu alishusha sauti. "Hicho hicho."

*

Celine, mwanamke wa pichani, alikuwa na saluni karibu na stendi ya Kitengela, chumba kimoja chenye vioo vitatu na wateja watano ambao wote walinyamaza Mbeke alipoingia.

"Karibu afande! Kaa hapa nikutoe hizo mistari za kichwa, unakaa kama mtu wa rumande."

"Leo sina kichwa cha kukupa. Nataka kuona ile nguo uliyochorewa nayo."

Ukimya ukawa na masikio zaidi.

"Wameshakuambia," Celine alisema, akaweka kitana chini. "Kitengela hii! Nilikaa kwa kiti siku nane, mlango wazi, shingo imekauka kama mti. Ati nimemchukua Tajeu. Nimpeleke wapi? Yule mwanaume siku nane aliniambia neno moja: 'usitabasamu.'"

"Nguo, Celine."

Ilikuwa nyuma ya pazia, imetundikwa, imepigwa pasi. Mbeke aliigeuza ndani nje. Alifuata mshono wa ubavuni kwa kidole, kisha mikono, kisha pindo la chini lote, kama mtu anayetafuta chawa. Haikukosa hata kipande cha upana wa ukucha.

Alitoa lile tambara mfukoni. Pembe zake zilikuwa zimekatwa kwa mkasi, upande mmoja umepinda kama bega. Halikuwa na tundu la sindano popote. Nguo iliyochanwa lazima iwe imebaki na uzi mahali. Hiki kipande hakijawahi kuwa nguo.

"Nani alikushonea?"

Celine alionyesha kwa midomo, nje, kwenye veranda. Fundi Mukonyo alikuwa mzee wa miwani mizito, mguu kwenye cherehani. Aliangalia tambara sekunde mbili.

"Hii ni bega la kushoto la Celine. Mabaki. Kila mwisho wa mwezi Tajeu hubeba gunia moja la vipande vyangu. Anataka pamba tu, ati nailoni haifyonzi. Fundi wa magari anachukua yaliyobaki."

"Uko na gunia lingine?"

"La nani?"

"La serikali," Mbeke alisema. "Na haitalipa, kwa hivyo usijisumbue kunishonea risiti."

*

Saa tano, nyuma ya kituo cha polisi, chini ya kibanda cha mabati kinamowekwa pikipiki zilizoshikwa, Mbeke alikaa kwenye kiti cha plastiki akafanya jambo ambalo kituo kizima kilikuja kulitazama. Alichovya vipande ishirini vya kitenge kwenye mafuta ya linsidi, akavikamua kimoja kimoja, akavishindilia ndani ya ndoo ya plastiki. Akaiweka mahali pa peke yake, mbali na pikipiki, na ndoo ya mchanga kando. Akaandika saa kwenye daftari.

"Madam anafua," Inspekta Muteti aliwatangazia wengine kutoka dirishani. "Mwacheni. Kesi zikiisha watu hufua."

Mbeke alienda seli.

Kimanzi alikuwa kijana mwembamba mwenye macho ya mtu ambaye siku zote anahesabu sahani za wengine. Mikono yake bado ilinuka taa ya koroboi.

"Unaosha brashi na nini?"

"Mafuta taa. Ndiyo nimewaambia tangu Jumanne! Mafuta taa na matusi. Ndiyo maana zangu zinakufa kama kuku wa kisasa."

"Ulisema utaiwasha picha ya mwenzako."

"Nilisema. Pia nilisema nitanunua shamba Rombo na nitaacha kutumia sukari. Mbona hizo hamjanishika nazo?"

"Jumanne mchana ulikuwa wapi?"

"Tuala. Nachora ng'ombe kwa ukuta wa bucha."

"Nani alikuona?"

"Hakuna. Mwenye bucha alikuwa amesafiri."

"Huyo ng'ombe alitoka vipi?"

Kimanzi alifikiri. Ilikuwa seli, na kesho ilikuwa Kajiado, na miaka iliyokuwa ikimngoja huko haikuwa michache. Hata hivyo hakuweza kudanganya juu ya hilo. "Anakaa kama mbwa aliyeoa vibaya," alisema.

Mbeke alikaribia vyuma. "Tajeu amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Hapo ndipo shida. Tulifundishwa na mzee mmoja, kwa benchi moja. Mimi ndiye nilikuwa nachora haraka. Yeye alikuwa anaosha brashi saa nzima, tunamcheka, tunamwita mama watoto. Sasa nani anaenda kwa ukuta wa hoteli? Unataka niseme simuonei wivu? Naona wivu mpaka chakula kinakataa kushuka. Lakini madam, siwezi kuingia kwa kufuli."

"Hiyo naijua," Mbeke alisema. "Natafuta ni nani mwingine aliyekuwa na wivu, na alikuwa na ufunguo."

*

Saa nane u nusu Tajeu na Nalangu waliketi kwenye benchi chini ya kibanda, kwa sababu Mbeke alikataa kuwahoji ofisini. Nalangu alikuwa amevaa vizuri, kama wa kanisani. Muteti alikuja na kikombe chake.

Mbeke alitandika nguo ya Celine kwenye magoti ya Nalangu.

Mikono ya Nalangu iliruka juu kama nguo ile ina miiba. "Mbona unaniletea kitu ya huyu?"

"Iangalie. Iko nzima?"

Nalangu hakutaka. Lakini jicho la wivu halina subira. Lilikwenda lenyewe kwenye pindo, likapanda ubavu, likashuka. Uso wake ulianza kubadilika.

"Iko nzima," alisema.

"Yale matambara ni mabaki ya fundi. Kwa gunia. Na ya gauni la mke wa chifu yamo, na ya yunifomu za kwaya. Sasa niambie. Jumanne, saa ngapi uliyatoa kwa waya?"

"Mimi?" Nalangu alimtazama mumewe, kisha chini. "Saa tano," alisema.

"Nalangu!" Tajeu alisema.

"Usiniite Nalangu! Ishirini! Ishirini umeanika, moja moja, kwa vibanio vyangu, nguo ya mwanamke mwingine, kwa waya ambao majirani wa plot nzima wanaona. Shiro wa mlango wa tatu akapita akaniuliza, 'Mama Lemein, kwani siku hizi Celine anafuliwa hapa?' Ningemjibu nini? Nimekaa nikifikiria amemchania hiyo nguo kwa mwili."

"Ungeniuliza."

"Nikuulize saa ngapi? Ukimaliza kuogesha brashi?"



"Uliyapeleka wapi?" Mbeke aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kwa studio yake. Nilifungua, nikayashindilia kwa ndoo, nikaisukuma chini ya meza ili jirani asione. Nilitaka akirudi nimwage yote mbele yake, anieleze moja moja. Nikafunga kufuli. Basi. Sikuwasha kitu, afande. Jikoni kwangu hata kiberiti kilikuwa kimeisha. Halafu Kimanzi akaja akachoma, yakaungua na mengine, nikaona aibu kusema."

"Kimanzi hakuja."

"Basi nani aliwasha?"

Mbeke aliangalia saa, kisha ndoo. Muteti naye akaangalia ndoo, akitabasamu, akiwa na mzaha mwingine tayari kwenye ulimi. Ulibaki hapo hapo ulimini.

Moshi ulikuwa mwembamba, wa njano kidogo, ukitoka katikati ya vitenge kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi. Hakuna aliyekuwa amesogea hatua mbili karibu na ndoo ile tangu saa tano. Moshi ukawa mzito. Ukingo wa plastiki ukaanza kulegea, ukainama ndani. Kisha kitu kikapumua, na ulimi mdogo wa moto ukatokea pale juu.

Mbeke alimwaga mchanga.

"Mafuta haya yakikauka hutoa joto," alisema. "Tambara likiwa limeanikwa, joto linaenda na upepo. Yakiwa rundo, joto halina pa kwenda, linajilimbikiza. Chini ya mabati ya Kitengela, jua la mchana, saa nne zinatosha. Imeandikwa nyuma ya mkebe. Afande, unaweza kwenda kusoma, herufi ni ndogo lakini si Kichina."

Muteti aliweka kikombe chini. Alizunguka ile ndoo mara moja. Alikuwa mtu mgumu, lakini hakuwa mtu mjinga.

"Andikeni statement ya huyu mama," alisema. "Ajali. Na mtoeni yule kijana."

Nalangu alikuwa bado ameshika nguo ya Celine. Aliikunja polepole mara nne, akamrudishia Mbeke. Hakulia. Alimwambia mumewe, bila kumtazama, "Nilikuchomea kazi ya miezi minne."

Tajeu alivua koti lake, akamwekea mabegani, ijapokuwa jua lilikuwa kali.

Kimanzi alipewa mshipi wake na viatu pale kaunta. Alikuwa anafunga kamba alipoona viatu vya Tajeu vimesimama mbele yake.

"Nilisema ni wewe," Tajeu alisema. "Niliapa mbele ya polisi. Nisamehe."

"Iliungua yote?"

"Yote. Hoteli wamenipa wiki mbili nichore nyingine. Nimejaribu jana kwa karatasi." Alitikisa kichwa. "Sikumbuki. Pale chini ya sikio, kivuli cha shingo, nilichanganya nini? Kimeenda."

Kimanzi aliendelea na kamba zake. Alifunga kiatu cha kushoto, akakifungua, akakifunga tena.

"Kahawia iliyoungua, kijani cha kitenge kidogo sana, na nyekundu ambayo hukumaliza kuichanganya," alisema. "Mkono wa kulia ulikuwa juu ya wa kushoto. Kidole cha mwisho kimeinuka kidogo. Manyoya ya tausi kifuani ni saba, la nne umelikata na mkunjo wa nguo. Nilikuwa nakuja kwa dirisha ukienda kula. Siku sita. Nilikuwa natafuta kosa."

Tajeu alimtazama.

"Ulilipata?"

"Hapana," Kimanzi alisema, kwa hasira kubwa. "Lete kalamu, mjinga wewe, kabla sijabadilisha nia."

Mbeke alisukuma daftari lake la ushahidi kwenye kaunta, akafungua ukurasa usioandikwa.